Jua, Chumvi na Kivuli: Historia ya Banda la Gari Mrima

Kule Nunge, Bagamoyo, maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba yakaachwa yakaushwe na jua na upepo hadi chumvi ibaki chini. Juu ya boneti ya gari lililoegeshwa nje, kuanzia Bagamoyo mpaka Msasani, kazi hiyohiyo hufanyika bila mvunaji. Upepo wa bahari huleta chumvi usiku pamoja na umande, jua la asubuhi hukausha umande, chumvi hubaki. Nayo chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kilichokaliwa nayo hakikauki sawasawa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Ndiyo maana magari mengi ya pwani hutoboka kwenye kingo za milango na chini ya mazulia ilhali injini bado nzima.

Katika nchi za baridi, anayetaka kulitunza gari nyumbani huanza kwa kuziba. Hujaza pamba ya kioo ndani ya kuta, hufunga nyufa za mlango, hutia kipasha joto. Mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam una adui wa aina nyingine, na dawa zake hazikuletwa na gari. Watu wa Mrima, yaani pwani hii, walizijua karne nyingi kabla gurudumu la mpira halijakanyaga mchanga wao, kwa sababu nao walikuwa na mali ghali ya kuilinda: vyombo vya baharini, pembe za ndovu, bidhaa za nguo, na nyumba zenyewe.

Chombo ndicho kilichotunzwa kwa bidii kuliko vyote. Jahazi au mashua ilipopandishwa pwani ilisimamishwa kwa gadi ili isilale ubavu, kisha mafundi wakaanza kazi. Nyufa za mbao zilitiwa kalafati ya pamba. Sehemu inayozama majini ilipakwa deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, mafuta ya papa, ili ubao usikauke na kupasuka juani. Yote hayo yalirudiwa kila baada ya muda, kwa kuwa hakuna nahodha aliyedhani kwamba dawa iliyopakwa mara moja ingetosha maisha. Deheni chini, sifa juu: fundi wa magari wa leo anayepaka dawa ya kutu chini ya bodi na nta juu ya rangi anafuata mpango uleule.

Nyumba nazo zilikuwa na elimu yake. Magofu ya Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa Bagamoyo, yana msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana baharini vilevile. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa, kisha majivu yake meupe yakaloweshwa na kuachwa yakomae kabla ya kuchanganywa na mchanga. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko haupatikani mrefu sana, vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba, mita 3 hivi au pungufu, hata kwa tajiri.

Ukuta wa namna hiyo hufanya kazi mbili. Unene wake huchelewesha joto: jua linalopiga nje saa sita mchana huchukua saa nyingi kufika ndani. Na chokaa huruhusu unyevu kupita, kwa hiyo maji yaliyonyonywa na ukuta wakati wa masika hutoka tena wakati wa kiangazi. Wahifadhi wa majengo ya kale wanalijua jambo hili. Ukuta wa matumbawe ukifunikwa kwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya ndani, na lipu yenyewe huanza kubanduka. Wanaotengeneza nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo ipasavyo hurudi kwenye chokaa.

Katika karne ya 19 utaalamu huo ulikuwa na thamani ya fedha taslimu. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, na mwanzo wa safari fupi ya bahari kwenda Unguja. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila 2 hivi, yaani kilo 32, miezi kadhaa kwa miguu. Pembe ya ndovu iliyofika pwani baada ya taabu hiyo ilikuwa bado hatarini, maana ikikaushwa ghafla hupasuka, na ikipasuka bei hushuka. Nguo za marekani na kaniki zilizongoja kwenda bara ziliota ukungu zikikosa hewa. Jengo la misafara ambalo mpaka leo lipo mjini, lenye uwanja katikati na vyumba kuuzunguka, lilifuata kanuni ya kupokea msafara: watu na wanyama uwanjani, mali chini ya paa.

Mali nyingine ya Mrima ilikwenda kulinda magari ya watu wa mbali. Sandarusi, utomvu wa kale uliogeuka karibu jiwe ardhini, ilichimbwa na Wazaramo katika ardhi ya nyuma ya pwani, ikapitia Unguja, ikafika Ulaya na Marekani. Katika bandari ya Salem, Massachusetts, kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Viwanda vya rangi viliiyeyusha na kuichanganya na mafuta kutengeneza vanishi ngumu, iliyosifiwa hasa kwa kupaka magari ya farasi. Motokaa za mwanzo zilirithi vanishi za mafundi hao, na kupaka gari moja kulichukua majuma kadhaa, hadi rangi za kukauka haraka zilipoingia viwandani Marekani katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mchango wa pwani hii katika kuhifadhi bodi za magari ulitangulia magari yake yenyewe.

Gurudumu lilichelewa kufika, na lilipofika lilishindwa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa Church Missionary Society alifyeka barabara upande huohuo. Magari yalikwama na ng'ombe wakafa njiani, wengi kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mwaka 1879 msafara uliogharimiwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji uliteremsha ndovu wanne wa Kihindi katika ghuba ya Msasani, wakitarajiwa kubeba mizigo hadi bara. Nao hawakubadilisha kitu. Bega la mpagazi liliendelea kushika kazi.

Kilichoipiku Bagamoyo kilikuwa reli. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, wakaanza kujenga Reli ya Kati kutoka huko mwaka 1905, na kufikia mwisho wa 1907 treni ilikuwa Morogoro. Mwaka huohuo, tarehe 10 Agosti, ofisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa ya kampuni ya Gaggenau akikusudia kulivuka bara zima. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Petroli yake ilitangulizwa na wapagazi na kuwekwa vituoni njiani. Motokaa, chombo kilichokusudiwa kumpumzisha mpagazi, ilivuka Afrika kwa jasho lake.

Kabla magari hayajawa mengi, lilikuja bati. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer, na njia ya kulipaka zinki ilipewa hataza kwa jina la Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1837. Zinki hulinda chuma kwa kujitoa mhanga: huliwa na hewa kwanza, chuma kikabaki salama mpaka zinki iishe. Bara, bati hudumu miongo mingi. Ufukweni chumvi huila zinki haraka, na baada yake hufuata wekundu wa kutu.

Bati lilikuwa jepesi, lilifungashika melini, halikushika moto. Kwa ghala na karakana lilifaa sana, na kwa banda la motokaa lilionekana limeumbwa kwa ajili yake, maana makuti na petroli havikai pamoja. Hatari ya makuti haikuwa hadithi tu. Ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, fahari ya mji kwa paa lake kubwa la makuti, uliteketea mwaka 2002.

Lakini makuti yalikuwa na sifa ambayo bati halikuwa nayo. Paa la makuti ni tabaka nene la majani lenye hewa iliyonaswa ndani; jua hulipiga juu, chini kukabaki baridi, na hewa moto hupenya ikatoka. Bati ni jembamba, hushika joto kwa dakika chache na kulimwaga chini. Usiku hupoa upesi vilevile, na hewa yenye unyevu ikiligusa hugeuka matone. Chini ya bati tupu, kwa hiyo, gari huokwa mchana na kudondoshewa maji alfajiri.

Wakati wa Waingereza, banda la gari likawa sehemu ya makazi ya wakubwa. Mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa kanda, na majumba ya Wazungu yalielekea kaskazini kufuata ufuko, hadi Oysterbay. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa kujali hali ya hewa: dari za juu, veranda pana, madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Banda la gari liliwekwa kando au nyuma, jirani na vyumba vya watumishi, na mara nyingi vyote viwili vilipata bati na ukuta mwembamba bila dari. Hesabu ya aliyestahili kivuli kizuri ilionekana kwenye ramani ya kiwanja.

Upande wa pili wa mji, gari lilijenga nyumba badala ya nyumba kulijengea gari. Petroli na mafuta ya taa yaliuzwa kwa madebe ya galoni 4, sawa na lita 18. Debe tupu halikutupwa. Lilitekea maji, lilipimia mahindi na mkaa, na likipasuliwa na kunyooshwa likawa bati la maskini, la paa na hata la ukuta. Joto la nyumba ya madebe halihitaji maelezo kwa aliyewahi kulala ndani yake.

Uhuru ulipokaribia, na baada yake, vifaa vya ujenzi vikaanza kutengenezwa nchini. Kiwanda cha Aluminium Africa, ALAF, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960 na kikawa jina kubwa la mabati. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kando ya njia ya Bagamoyo, kilianza uzalishaji. Mlima wa Wazo ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya bahari ya kale. Jiwe lililokuwa likichomwa kwa magogo ufukoni sasa likachomwa katika tanuru za kiwanda, likatoka saruji: imara zaidi, ya haraka zaidi, na isiyopumua kama chokaa.

Magari yenyewe yalikuwa machache, na miaka iliyofuata yakawa machache zaidi barabarani. Fedha za kigeni ziliadimika, mafuta yakapanda bei, vipuri vikakosekana. Kuna kipindi ambapo gari binafsi halikuruhusiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ndipo usemi wa gari kuwa “juu ya mawe” ulipopata maana kamili: magurudumu yametolewa, ekseli zimekalia matofali, mwenyewe anangoja kipuri ambacho ndugu aliye Mombasa au Uarabuni ameahidi kukitafuta. Ilikuwa gadi ya nchi kavu, ila chombo kilichowekwa gadi kilikuwa na siku yake ya kurudi majini. Wengi walilitunza gari hilo kwa walichokuwa nacho: turubai, kivuli cha mwembe, oili chafu iliyopakwa chini ya chesisi. Mwembe ulisaidia dhidi ya jua, ukaharibu rangi kwa utomvu na vinyesi vya ndege. Turubai la plastiki lililofungwa kwa kamba lilizuia vumbi, likafungia unyevu ndani.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Bandari ikafunguka kidogo, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, ikafunguka sana. Magari yaliyotumika Japani yalianza kuja kwa wingi, na kwa mara ya kwanza mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa kati wakawa na gari la kulaza nyumbani. Wakati huohuo mji ulinyoosha miguu kuelekea kaskazini: Mbezi Beach, Tegeta, Boko, Bunju. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo yakiwemo Bunju na Mbweni. Mwaka 2014 barabara ya Mwenge hadi Tegeta, iliyopanuliwa kwa msaada wa Japani, ilizinduliwa. Barabara ya mjini hadi Bagamoyo ikawa njia ya watu wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi na foleni jioni, na maelfu ya magari yakawa yanalala umbali mfupi kutoka baharini.

Nyumba zilizowapokea zilijengwa kwa mtindo mmoja wa kujitenga: ukuta mrefu wa tofali za saruji pande zote, geti la chuma, sakafu ya vitofali vya zege uani. Gari lilipewa kona karibu na geti, na nguzo mbili za bomba zenye bati juu. Aliyepata uwezo zaidi alizungushia kuta, akaweka mlango wa chuma wa kukunja, akaamini amemaliza. Mtindo wa karibuni wa kuficha paa nyuma ya ukuta umeondoa hata upenu, ambao ndio uliokuwa ukiikinga nyumba na jua la pembeni.

Hapo ndipo historia ya Mrima inapodai nafasi yake. Chumba cha saruji kilichofungwa pande zote, chenye bati tupu juu na gari lililoloa ndani, ni mahali pazuri pa kulea kutu. Gari lililosimama kwenye kivuli kilicho wazi, likapata upepo, hukauka. Mafundi wazuri wa Bunju na Bagamoyo wanalifahamu hili, na mabanda wanayojenga yanafanana zaidi na nyumba za kale kuliko wateja wao wanavyodhani.

Kwanza huinua paa. Kenchi zikiwekwa juu, hewa moto hukaa mbali na gari na hupata mahali pa kutokea. Chini ya bati hutandaza karatasi inayong'aa ya kurudisha joto, wakiacha nafasi ya hewa kati yake na bati, kisha huweka dari ya mbao au ya bodi. Tabaka hilo la hewa hufanya kazi iliyofanywa na unene wa makuti. Bati lenyewe huchaguliwa la rangi nyeupe au ya kupauka, na kwa aliye karibu sana na ufuko, la alumini. Misumari na boliti nazo huangaliwa, kwa kuwa paa la pwani huanza kuoza kwenye tundu la msumari.

Pili huachia ukuta upumue. Tofali za matundu hupangwa chini na juu ya kuta zinazotazamana, hewa baridi iingie chini na moto itoke juu. Upande wa bahari huachwa na matundu machache kuliko pande nyingine, kwa sababu upepo unaopoza ndio huohuo unaobeba chumvi. Kusi huvuma kutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini mashariki, na banda linalogeuzia ubavu wake mzima bahari hupokea chumvi ya misimu yote miwili. Kupanda miti ya kuvunja upepo, mbali kiasi na banda, hupunguza mzigo huo.

Tatu ni sakafu. Jamvi la zege hunyanyuliwa juu ya usawa wa uwanja na kupewa mteremko kuelekea nje, maana masika ya pwani hayana subira na maji yaliyotuama chini ya gari hurudi juu kama mvuke. Nyuma ya yote linabaki jambo ambalo hakuna banda linaloweza kulifanya: kuliosha gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini ya bodi na ndani ya matao ya magurudumu, na kuliacha likauke kabla ya kulifungia. Maji ya visima vingi vya ufukoni ni ya chumvichumvi, na kuoshea gari maji hayo ni kuongeza tatizo.

Gharama ya dari, karatasi ya kurudisha joto na mistari miwili ya tofali za matundu ni ndogo mbele ya bei ya kuchomelea sakafu ya gari na kulipiga rangi upya. Mwenye kiwanja Mapinga, Kerege au Zinga ambaye bado hajapaua banda lake ana nafasi ya kuamua vizuri. Asimame uwanjani mchana wa kusi na tena mchana wa kaskazi, atambue upepo unaingilia wapi, ndipo amwite fundi. Na kabla ya kununua mlango wa chuma, ajiulize kama anauhitaji kwa ajili ya wezi au kwa ajili ya gari, kwa kuwa dhidi ya wezi grili iliyo wazi inatosha.